Penalti ya Mdogo wa Marehemu

Kwa miaka mingi nilikuwa kipa wa timu ya wanawake ya mtaani kwetu Majengo, na katika miaka hiyo yote baba yangu alikuja kutazama mchezo wetu mara moja tu. Siku hiyo hakuja kwa ajili yangu. Aliniambia hivyo mwenyewe, asubuhi, tukifungua duka.

Baba ni mtu wa Kondoa. Alishuka Dodoma mjini akiwa kijana, akisindikiza magunia ya karanga ya mjomba wake, akapapenda, akabaki. Mpaka leo ana duka la nafaka karibu na soko, na mimi nilikulia humo, nikichambua maharage kwenye ungo kabla sijaanza shule. Watu wa rika lake kule kwetu milimani hawakulelewa kuona mtoto wa kike akiruka ruka golini mbele za watu. Lakini hakunipiga, wala hakunikataza. Nilipoanza kucheza, nikivaa taiti ndefu chini ya bukta na kitambaa kichwani, alimwambia mama kwamba mtoto amekuwa mkubwa, atajua mwenyewe. Baada ya hapo hakulitaja tena jambo hilo. Nikirudi na kiwiko kimechubuka, alikitazama kiwiko, kisha akatazama mlangoni kama mtu aliyesikia mteja. Tukishinda, tukifungwa, kesho yake dukani tulizungumza habari za mtama na alizeti. Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, wakati baba yuko msikitini.

Mtu aliyebadilisha mambo alikuwa mshambuliaji wa timu ya Bahi.

Alikuwa amenizidi umri kidogo. Mrefu, miguu myembamba, alikimbia kama mtu asiye na haraka, na kabla hujajipanga alikuwa amekwishafika. Mara ya kwanza tulipokutana kwenye mashindano ya klabu za wanawake za mkoa alinifunga kwa penalti. Aliupiga mpira upande wangu wa kulia, chini kabisa, ukasugua mlingoti ukaingia. Mwaka uliofuata walipata penalti nyingine, akaja yeye yule yule, akapiga pale pale, safari hiyo nikaupangua ukatoka kona. Mchezo ulipokwisha alinifuata, akanishika bega, akaniambia mwakani atapiga kulia tena, na nitajua, na bado nitafungwa. Alisema bila majivuno. Nilimpenda kuanzia hapo, ingawa wakati ule ningeona aibu kulisema hilo mbele ya wenzangu.

Sikujua kwamba baba alimfahamu kabla yangu. Kwao walilima mpunga kule kwenye mbuga za Bahi, na yeye ndiye aliyekusanya mchele wa nyumbani na wa majirani akauleta mjini. Siku alizokuja dukani, mimi nilikuwa mazoezini au nimetumwa mahali. Baba alikuwa akimsifu kwa mama tukiwa tunakula: kuna binti mmoja wa Kigogo, anasema mchele ni mpya na ukiutia mdomoni unakuta kweli ni mpya. Kwa baba hiyo ilikuwa sifa kubwa. Wapo wafanyabiashara aliokaa nao sokoni miaka na miaka na hakuwahi kuwasema hivyo.

Kisha siku moja akanikuta mimi nikifagia mbele ya duka.

"Kipa wangu," alisema, "kumbe hapa ndipo kwenu?"

Baba alitoka ndani. Akaamkiwa, akaitikia, akauliza hali ya nyumbani, kisha akamuuliza ananifahamu vipi. Yule dada akamweleza kwa utaratibu, bila kujua kwamba anaingia kwenye chumba kilichofungwa siku nyingi. Akamwambia kwamba katika mkoa mzima hakuna mtu anayempa kazi kama mimi. Akamweleza penalti aliyofunga na ile niliyompangulia. Baba alikuwa ameshika punje za mchele kiganjani. Alizitia mdomoni, akazivunja kwa meno, akatafuna pole pole, akasema mzigo ushushwe.

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Ila tangu siku hiyo, kila yule dada alipokuja, baba alimtolea kigoda akamuuliza habari za mpira. Mmecheza na nani. Uwanja ulikuwaje. Mama yako anasemaje. Yule dada alimjibu kwamba mama yake huenda kila mechi, hukalia ndoo aliyoigeuza kichwa chini karibu na kibendera cha kona, na binti akikosa goli mama humgombeza njia nzima mpaka nyumbani. Baba alicheka. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika chekecheke, nawasikiliza. Iliniuma. Mambo yale yale angeweza kuniuliza mimi, niliyekuwa nikila naye sinia moja. Lakini pia nilikuwa nikizungukazunguka karibu na mlango ili nisipitwe na neno, maana yule dada alikuwa hakosi kunitaja, na akinitaja baba alinyamaza akasikiliza.

Mwaka ninaousimulia, mvua zilichelewa sana, kisha zikaja zote kwa pamoja. Mashindano yalikuwa yamefika mwisho. Timu tatu ndizo zilizobaki na matumaini ya kwenda kuuwakilisha mkoa kwenye kanda: sisi, Bahi na Ihumwa. Mchezo wa mwisho kabisa ulikuwa wetu na Bahi, Jumamosi, hapa mjini. Wiki ile ile, siku za mwanzo, yule dada alikuwa anatoka mazoezini na wenzake. Njiani kuna korongo ambalo siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu, watoto huchimba humo visima vya maji. Walilikuta limejaa. Wakasubiri ukingoni mpaka maji yakapungua, wakaona sasa yanavukika, wakashikana mikono wakaingia. Walipofika katikati, maji mengine yakashuka kutoka juu, ambako mvua ilikuwa bado inanyesha na wao hawaioni. Mnyororo ukakatika. Waliokuwa upande wa huku walirudi, waliokuwa upande wa kule walivuka. Yeye alikuwa katikati, na mkono alioushika ulikuwa wa mdogo wake, msichana aliyemaliza shule mwaka uliotangulia na kuchezea timu hiyo hiyo, winga. Mdogo mtu alivutwa na wenzake akatoka. Dada alipatikana asubuhi yake, chini, karibu na majaruba ya mpunga.

Habari ililetwa dukani na mwanamke mwingine wa Bahi anayeuza samaki sokoni. Baba aliisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya gunia. Alisema maneno yetu ya msiba, innalillahi, akayarudia. Halafu akaanza kumuuliza yule mama maswali madogo madogo, korongo lipi, ni saa ngapi, kana kwamba akipata jibu fulani kitu kitabadilika. Mimi nilikwenda nyuma ya duka. Sikulia. Nilisimama nikitazama glovu zangu zilizokuwa zimeanikwa kwenye kamba, na nilichowaza, nasema kweli, ni kwamba Jumamosi hatakuja kupiga ile penalti aliyoniahidi.

Siku ya mazishi sisi tulikuwa na mchezo na Ihumwa, sikwenda. Baba alikwenda na wenzake wawili wa sokoni. Alirudi jioni kanzu yake ina matope mpaka magotini. Alimweleza mama kwamba kanisa lilijaa watu wakasimama nje, na kwamba timu yote ilivaa jezi. Kuhusu mama wa marehemu alisema tu kwamba kuna jambo amemwomba.

Jambo lenyewe nililijua asubuhi ya Jumamosi. Tulikuwa tunatoa mbao za mlango. Baba akaniuliza tunacheza saa ngapi. Nilishtuka, nikamjibu kwamba ni alasiri.

"Nitakuja," alisema. "Si kwa ajili yako. Yule mama hawezi kutoka kwenye msiba, na anataka kujua wanawe wa timu watakavyocheza. Nimemwahidi nitamtazamia."

Viongozi wa mashindano walikuwa tayari kuahirisha. Bahi wenyewe ndio waliokataa. Walikuja kwenye lori la mtu, wakashuka wako kumi. Walikuwa na wachezaji wengine, lakini hao walibaki kupika na kuteka maji kwenye msiba, na mmoja alikuwa hajaweza kusimama tangu siku ya korongo. Mdogo wa marehemu alikuwa miongoni mwa waliokuja. Alivaa jezi yake mwenyewe, si ya dada yake. Uso wake ulikuwa umevimba, na alifunga kamba za njumu zake kwa muda mrefu sana.

Kwenye benchi letu paliingia ubishi. Mmoja wa mabeki alisema nasi tucheze kumi, ndiyo heshima. Wengine wakaitikia. Nahodha wetu hakupinga. Kocha, ambaye alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye maneno machache, aliyewahi kucheza wakati ambapo wanawake walicheza kwa kutukanwa, alituacha tumalize, kisha akasema hapana.

"Wamezika, wamepanda lori, wamekuja kucheza," alisema. "Mkipunguza mtu mtakuwa mmewaambia hawatoshi. Chezeni mpira wenu wote. Wakitaka huruma wataiomba."

Tulisimama kimya mwamuzi alipopuliza filimbi ya kumkumbuka marehemu. Baba nilimwona wakati huo. Alikuwa amekuja na mwavuli na amesimama nyuma ya goli langu, peke yake, hatua chache kutoka kwenye nyavu, mikono mgongoni, kama anavyosimama akisubiri gunia lipimwe. Kipindi cha pili, tulipobadilishana magoli, naye alizunguka uwanja mzima akaja kusimama nyuma yangu tena. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu hajui pengine pa kusimama.

Tulipata goli kipindi cha kwanza, kwa kichwa, kutoka kwenye kona. Aliyefunga alirudi katikati ameinamisha uso, na watu wachache waliopiga makofi wakaacha. Baada ya hapo Bahi walicheza kama sijapata kuwaona. Wako kumi na uwanja una utelezi, lakini kila mpira waliufikia. Nilipangua shuti moja kwa ncha za vidole. Nilimkimbilia winga wao, yule mdogo mtu, nikamlalia miguuni, tukagongana, nikasikia pumzi yake inavyokatika. Nilimsaidia kuinuka. Hakunitazama.

Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wetu alimkwatua huyo huyo ndani ya eneo la hatari. Penalti. Hakuna aliyebisha. Nahodha wao alikwenda kuuchukua mpira, lakini msichana alikuwa amekwishaukumbatia. Nahodha akamnong'oneza, akanyoosha mikono. Msichana akatikisa kichwa. Wakasimama hivyo, kisha nahodha akamwachia.

Nimeulizwa mara nyingi nilikuwa nawaza nini. Watu hutaka niseme kwamba niliwaza huruma. Ukweli ni kwamba niliwaza upande. Nilikuwa nimeshapigiwa penalti na dada yake mara mbili, zote kulia. Wote wawili walifundishwa na mtu mmoja, katika uwanja mmoja. Na niliamini, kwa jinsi alivyoukumbatia ule mpira, kwamba leo atapiga pale alipopiga dada yake, kwa sababu ni dada yake. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Nilijitahidi nisiuoneshe. Aliposogea tu, nikaruka kulia kwa nguvu zangu zote, nikanyoosha mwili mpaka mbavu zikaniuma.

Mpira ulikwenda kushoto. Na ulikwenda pole pole. Haukupigwa vizuri, aliteleza kidogo mguu wa kusimamia, ukabingirika juu ya matope kama mpira uliorudishwa na beki. Kama ningesimama tu bila kufanya lolote, ningeuzuia kwa mguu. Nilikuwa nimelala chini upande wa pili nikiutazama unavyovuka mstari.

Wenzake walimkimbilia, wakamwangukia, wakalia wote kwa pamoja pale chini. Watu waliozunguka uwanja walipiga makofi, mashabiki wetu pia, na makofi yale ndiyo yaliyoniambia nini kimeonekana. Hayakuwa makofi ya goli. Yalikuwa yanapigwa kunielekea mimi. Mzee mmoja aliinua kofia yake akinitazama. Nahodha wetu alikuwa amesimama mikono kiunoni, naye ananitazama, lakini kwa jicho lingine.

Mchezo uliisha sare. Sare haikutusaidia sisi wala Bahi. Ihumwa ndio waliokwenda kanda.

Nilipokuwa navua glovu, kocha alipita akaniambia, "Sitakuuliza." Nikafungua mdomo nimwambie, naye akanyoosha mkono kunizuia. "Nimesema sitakuuliza." Nafikiri aliona ananitendea wema. Nahodha hakusema hata hilo. Alikuwa amekaa miaka akiisubiri safari ile ya kanda, na magoti yake hayakuwa na misimu mingi tena. Msimu mzima uliofuata alizungumza nami kuhusu kona na faulo, basi. Wengine walinisifu. Mmoja aliniambia kwamba mimi nina moyo, yeye asingeweza. Nilimjibu kwamba sikuliachia goli lile. Akanigusa mkono akatabasamu, kama mtu anayekubali kukutunzia siri.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nikikana watu wanazidi kuamini. Nikaacha kukana.

Baba aliondoka uwanjani bila kuonana nami. Nyumbani nilisubiri aniulize, hata kwa hasira, hakuniuliza. Juma moja baadaye, au zaidi kidogo, aliniambia kwamba kesho anakwenda Bahi, wanaanua matanga, na kwamba ana ahadi ya kutimiza. Akauliza kama nitakwenda naye. Ilikuwa mara ya kwanza baba kunitaka safari ya peke yetu tangu nikiwa mtoto.

Tulishuka barabarani tukachukua bodaboda mbili. Maji yalikuwa yametanda pande zote, mpunga umesimama kijani, na wanaume walikuwa wakivua kambare mahali ambapo miaka mingine hupita ng'ombe. Nyumbani kwa marehemu watu walikuwa wengi. Tulikuta ibada imekwisha, tukaletewa chakula. Baba alikula kidogo, akaosha mikono, akaomba kuonana na mama wa marehemu. Tukapelekwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwembamba, mrefu, unaona mara moja mwanawe alitoka wapi. Nilimwamkia, akanishika mkono akaushikilia. Mdogo mtu alikuwa amekaa nyuma yake, ameegemea ukuta.

Baba akakaa kwenye mkeka akaanza kumsimulia mchezo.

Sikuwa tayari kwa hilo. Alianza mwanzo, walivyoshuka kwenye lori, nani alitangulia. Hakujua maneno ya mpira, alisema "yule wa nyuma mwenye kilemba cha bluu" na "yule mfupi anayerusha kwa mikono," na mama wa marehemu aliwatambua wote akamtajia majina yao. Alimweleza goli letu. Alimweleza jinsi wanawe walivyokimbia na matope yale. Kisha akasema, "Binti yangu aliuzuia mmoja kwa vidole, hivi," akainua mkono wake, vidole vimenyooka, akauacha hewani. "Ungeingia juu, kwenye pembe. Sijui aliufikiaje." Alisema hivyo kwa yule mama, hakunigeukia. Nikatazama mkeka. Nilikuwa mtu mzima, na niliogopa nitalia nyumbani kwa watu waliofiwa, kwa jambo lisilohusu msiba wao.

Alipofika kwenye penalti akatulia. Msichana ndiye aliyesema, kutoka ukutani.

"Dada, uliniachia?"

Mama yake akataka kumnyamazisha. Msichana akaendelea, sauti yake haikupanda. Alisema kila mtu Bahi anasema hivyo. Mwalimu wake, mchungaji, wanawake kisimani, wote wanasema kipa wa mjini alimwachia kwa ajili ya marehemu, Mungu ambariki. Alisema tangu ule mkono ulivyomponyoka majini hajafanya kitu kingine chochote ila lile goli, na kama nalo alipewa, anataka kujua.

Nilimwambia, "Sikukuachia. Nilijua utapiga alipokuwa akipiga dada yako. Nilikwenda kulia kuutafuta. Ulinifunga."

Niliona kwamba haamini. Alikuwa amekwishasikia watu wengi wema.

Ndipo baba akasema. "Mimi nilikuwa nyuma ya goli, mwanangu. Nilikuwa karibu kama hapa na mlango pale. Ulipoingia mpira, huyu alikuwa amelala chini. Wewe ulikuwa umefunikwa na wenzako, hukuona. Aliupiga udongo kwa ngumi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Akasema neno ambalo sikumlea kulisema. Mtu aliyetoa sadaka hafanyi hivyo."

Sikukumbuka kuupiga udongo. Hata leo sikumbuki. Neno nalo silijui ni lipi, na baba hajanitajia. Lakini baba hakuwa mtu wa kusema uongo kwenye msiba.

Msichana akaweka uso wake kwenye mgongo wa mama yake akalia. Mama aliuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza habari za kawaida, kama mpira ulipigwa kwa nguvu. Baba akafikiri. Akasema hapana, ulikwenda pole pole, uliteleza mguu. Yule mama akatikisa kichwa. Akasema amemwambia mara ngapi asiegemee nyuma akipiga. Na mkono wake ulikuwa umekwenda nyuma, unampapasa mtoto kichwani.

Tuliondoka jua likiwa bado juu. Tulipokuwa tukisubiri gari barabarani aliniuliza kama vidole viliniuma siku ile, kwa ule mpira wa juu. Nilisema viliniuma siku kadhaa. Akasema angejua angenitafutia mafuta ya kuchua. Hakuja tena uwanjani, na mimi sikumwalika. Lakini kuanzia hapo jioni za mechi aliuliza, na mimi nilisimulia, mama akiwa amekaa nasi, mpaka msimu nilioolewa nikaacha kucheza.

Yule msichana alikaa mwaka mzima bila kugusa mpira, kisha akarudi. Siku hizi anachezea timu kubwa nje ya mkoa. Baba huomba nimtafutie mechi zake kwenye simu, na nikizipata anasogeza simu karibu sana na macho.

Nahodha wetu nilikutana naye mwaka jana pale Majengo, nikinunua nyanya. Amenenepa, anatembea kwa kuegemea upande mmoja kwa sababu ya goti. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Tulipokuwa tunataka kuagana alinishika kiganja akasema kuna jambo amekuwa akitaka kuniambia siku nyingi. Akasema wakati ule alikuwa na hasira, alikuwa bado hajafiwa na mtu. Tangu hapo amemzika mumewe, na sasa anaelewa kwa nini nililiachia lile goli, na angekuwa yeye, angeliachia pia.

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamtazama usoni, nikaona jinsi alivyokuja nalo kutoka mbali, na jinsi lilivyomgharimu kufika nalo.

Nikamwambia asante, dada. Nikampa pole ya mumewe, maana nilikuwa sijaisikia habari hiyo. Akanisaidia kufunga mfuko wa nyanya uliokuwa umechanika, akaita bajaji, akaingia kwa shida, mguu mbovu mwisho.